Mzee wa Magunia na Maji ya Udhu

Katika miaka yote niliyomjua, Mzee wa Magunia hakuwahi kufungua mizigo yake yote. Chumba alichopanga Mikumi, nyuma ya gereji moja kando ya barabara kuu, kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, na mabunda mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani karibu na mlango. Alichokihitaji alikichomoa bila kulegeza fundo: shati alilivuta kwa mkono wake, sufuria aliitafuta kwa kuingiza kiganja, kisha akalibana bunda kwa goti likarudi lilivyokuwa. Nilimuuliza siku moja kama hachoki. Akanijibu kwamba kinachochosha ni kufunga upya, kwa hiyo yeye hafungui.

Jina lake ninalijua. Ninayajua hata matatu, kwa sababu kila karatasi aliyowahi kuandikiwa ilikuwa na jina lake tofauti, na hakuna karani aliyemuuliza lipi alipewa na mama yake. Aliponiona nasita nimwite lipi, alisema watu wa mjini wamekwisha kumwita Mzee wa Magunia, na hilo linamtosha. Nami nitaishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Kwa muda mrefu pia nilikuwa imamu wa msikiti mdogo ulio kando ya barabara ile ile, ambako madereva wa malori husimama kuswali kabla ya kuingia hifadhini. Yeye alikuwa Mkatoliki. Alifika Mikumi na familia tisa zilizotoka kwenye makazi ya wakimbizi kule magharibi, zote zikiwa na karatasi za uraia na hakuna hata moja yenye kipande cha ardhi. Walipanga vyumba, wakatafuta vibarua, wakakosa. Ndipo yeye alipoanza kuokota mifuko ya salfeti iliyotupwa na wenye maduka ya mchele, na watu wakadhani ni mzee aliyechanganyikiwa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alichukua kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo lilikuwa limetobolewa pande zote mbili, akalisimamisha katikati ya gunia, akalijaza kokoto. Pembeni ya kopo akaweka udongo uliochanganywa na samadi aliyoomba kwa wafugaji wa Kisukuma. Udongo ulipofikia mdomo wa kopo, alilivuta juu, kokoto zikabaki chini, akajaza tena. Gunia likiisha kujaa, lilikuwa na mshipa wa mawe katikati kutoka juu hadi chini, na maji yaliyomwagwa juu yalifika kila upande. Kisha akatoboa mbavu za gunia kwa kisu na katika kila tundu akapachika mche: mchicha, chainizi, figiri. Juu aliweka vitunguu vya majani. Wakati anatoboa alisali rozari yake kimya kimya, tundu moja kwa kila sala, na ndiyo maana magunia yake yote yalikuwa na matundu sawasawa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la kisu kwenye kila kidole. Jembe hakuwa nalo na hakulitaka. Alisema jembe ni la mtu mwenye ardhi.

Maji ndiyo yaliyotukutanisha. Mikumi maji ya bomba hutoka siku yanapopenda, na kununua ndoo kwa ajili ya mboga ni kazi isiyolipa. Siku moja baada ya swala ya Adhuhuri nilimkuta amesimama nje ya uzio wa msikiti, viatu mkononi ingawa hakuwa ameingia popote, akiutazama mfereji unaotoa maji mahali pa kutawadhia na kuyamwaga barabarani.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu, "haya maji mkishamaliza nayo, ni ya nani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nimesoma vitabu vya twahara tangu nikiwa mtoto, najua maji gani yanatoharisha na gani hayatoharishi, najua hukumu ya maji yaliyokwisha kutumika: kwamba yenyewe ni safi, ila hayafai kutawadhia tena. Lakini kwamba yana mwenyewe, hilo sikulijua. Nikamwambia sisi tumemaliza nayo. Akashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kamati ya msikiti ilikubali aweke magunia arobaini katika kiwanja kilichokuwa wazi nyuma yetu, na mfereji ukageuzwa. Tangu hapo alizijua nyakati za swala kuliko wanafunzi wangu. Adhana ikichelewa alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Ijumaa aliiita mvua yake, kwa sababu ya watu wengi. Ramadhani, pamoja na tarawehe, ilikuwa masika yake, na kila mwaka mwezi ulipoandama alikuja kunipa mkono wa kheri kabla ya Waislamu wengine. Alichokichukia ni sabuni. Dereva akionekana anatoa kipande cha sabuni kwenye mfuko wa suruali, mzee alimsogelea kwa adabu sana na kumshika mkono, akamwelekeza kwenye bomba la upande wa pili. Madereva wengi walidhani ni mlinzi wa msikiti. Mmoja alimuomba amwombee dua safari iwe njema, na mzee akamwombea, kwa Kilatini.

Muadhini wetu ndiye aliyeleta shida. Aligundua kwamba wanawake wa zile familia wanapeleka vitunguu na chainizi kwenye baa iliyo ng'ambo ya barabara, inayochoma kitimoto. Akalileta jambo hilo mbele ya kamati, uso umemkunjamana. "Maji ya udhu wetu, Shehe," alisema, "yanakwenda kuotesha kachumbari ya nguruwe." Kikao kizima kiliniangalia. Nilisema maji yakituacha yamekwisha kutuacha, na kwamba hata mvua ya Mwenyezi Mungu haibagui paa la baa ile. Wazee walicheka, muadhini akanuna siku mbili. Siku ya tatu mke wake alionekana akinunua figiri pale pale uani.

Kwa Mzee wa Magunia kila jambo lilipimwa kwa siku ishirini na moja. Huo ndio muda wa mchicha, tangu kusia mbegu hadi kuvuna. Ukimwambia kuna harusi mwezi ujao, alisema hilo ni la baada ya mchicha, tutaona. Ukimuuliza watoto wa zile familia watasoma wapi wakifika sekondari, alitikisa kichwa na kugeukia gunia. Hakukataa, alikuwa tu hafiki huko. Mama Devota, mwanamke wa makamo aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote katika zile familia tisa, alikuwa akimtania mbele ya watu. "Huyu mzee akifa," alisema, "kaburi lake tutalichimba kwenye gunia. Tukihamishwa, tunahama naye."

Mzee alicheka naye. Lakini nilimwona jioni ile akilipapasa gunia moja kwa mikono miwili, akilipima kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo kabla ya kujitwisha.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Maji aliyabana kwa kikombe, lakini miche aliigawa bure kwa yeyote aliyesimama. Aliwafundisha wanawake wa pale mjini, wenyeji na wageni, bila kuchagua, na aliwafokea wote sawa. Mwanamke akitoboa gunia chini mno alimwambia amepanda mboga ya panya. Na wanyama hakuwaogopa. Alfajiri moja nikienda kusalisha nilimkuta amesimama mbele ya tembo. Kwetu tembo huvuka barabara na kuingia mjini kama mtu anayekwenda dukani, na huyo alikuwa amefuata harufu ya mboga. Mzee alikuwa anagonga kopo lake taratibu na kusema naye kwa sauti ya kawaida: wewe una hifadhi nzima, sisi tuna magunia, hebu ona aibu. Tembo alisimama, akanyanyua mkonga, akageuka. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani nikisoma kila dua niliyoijua.

Wiki ile ile kijana mmoja kutoka ofisi ya kata, mpole tu, alikuja na faili kuandika majina ya wanaolima mjini. Mzee alipoliona lile faili jasho lilimtoka. Alijibu kila swali kwa neno moja moja, akasimama mikono nyuma, na kijana alipoondoka alikwenda kukaza kamba za mabunda yake. Nilimkuta bado anazikaza.

Sasa nifike kwenye ukali wake, kwa sababu sitaki aonekane malaika. Alikuwa na sheria moja: hakuna kupanda kitu chini. Gunia, ndoo, beseni, hata tairi la zamani, sawa. Chini hapana. Mama Devota alitamani migomba. Kwao mgomba ni kila kitu, ni chakula na ni kivuli, na mtu mwenye mgomba nyuma ya nyumba, alisema, anajulikana kuwa yupo. Akapata chipukizi kwa mtu wa Mvumi akalichimbia nyuma ya chumba alichopanga. Mzee alipoliona aliling'oa kwa mikono yake na kulitupa mtaroni, mbele ya watoto. Mama Devota alilia, kisha akamtolea maneno ambayo sikuyaelewa maana yalikuwa ya kwao. Wiki nzima hawakusemezana.

Nilikwenda kumwonya, kwa kuwa lilikuwa jambo la aibu. Nilimkuta anajaza gunia. Hakuinua macho. Aliniambia kule magharibi alipanda michikichi na kahawa kwenye shamba alilokatiwa akiwa kijana. Alioa hapo, akazika hapo. Michikichi ilikuwa imeanza kuzaa vizuri siku liliposomwa tangazo kwamba makazi yanafungwa na asipande mtu kitu tena. Wakapandishwa gari na mikungu ya chikichi imening'inia. Wengine walirudishwa nchi walikokimbia, wengine wakapewa karatasi na kuambiwa watafute pa kwenda.

"Mchicha ukiuacha," alisema, "umeacha siku ishirini na moja. Hizo mtu anaweza kuzibeba."

 Nilimshikia kopo akajaza kokoto.

Ilikuwa Idi, baada ya swala, ndipo nilipofanya lile ninalolijutia. Siku ile msikiti ulijaa hadi barabarani. Wanawake wa zile familia tisa, Wakristo watupu, walikuwa wamekuja tangu asubuhi kuwasaidia wake zetu kupika, na mboga zote zilitoka kwenye magunia. Wageni kutoka Kilosa waliusifia uwanja ule, nami nilisifiwa pamoja nao. Moyo wangu ulikuwa umejaa furaha, na sitakataa kwamba kiburi kidogo kilikuwa kimejichanganya humo. Mama Devota akaja na sinia, akanisalimu shikamoo, kisha akasema mbele ya kila mtu kwamba pembe ya chini ya uwanja maji yanatuama, magunia hayakai, lakini migomba ingestawi. Akasema anajua mzee hataki. Akasema hivyo akimtazama mzee, si mimi.

Mzee alikwisha kufungua mdomo kukataa. Nikamtangulia.

"Pandeni," nilisema. "Maadamu mimi ni hai, hakuna atakayewaondoa hapa."

Watu wakaitikia. Mzee alinitazama kwa muda mrefu. "Umesema, Mwalimu?"

"Nimesema."

 Kisha alikwenda mwenyewe kwa jirani kuazima jembe, akampa Mama Devota mkononi. Jembe. Mimi sikulitafakari sana jambo hilo siku ile, kulikuwa na wageni wa kuhudumia.

Walipanda migomba saba. Ilistawi haraka kama Mama Devota alivyosema, kwa sababu pembe ile ililowa kila siku mara tano. Mzee aliiruka, hakuwa akiisogelea. Lakini baada ya miezi michache nilimwona akikata majani makavu, na siku nyingine akiegemeza mti kwenye shina lililoinama. Alianza kuuliza ndizi zile zitakuwa za kupika au za kuiva. Mama Devota alininong'oneza kwamba bunda moja chumbani kwa mzee limefunguliwa, ameliona kwa macho yake, mashati yametundikwa msumarini.

Paa la msikiti wetu lilikuwa linavuja muda mrefu. Masika ya mwaka ule lilivuja juu ya mihrabu. Kamati ikakaa, na mwenyekiti, mtu mwema ambaye hadi leo tunasalimiana, alisema njia ni moja: kujenga fremu za maduka kwenye uwanja wa nyuma unaopakana na njia ya kuelekea stendi, kodi ipate kutengeneza paa na kuendesha madrasa. Nilisema nimeahidi. Aliniuliza niliahidi kwa idhini ya nani. Uwanja ni wakfu, si wangu. Nami ndiye niliyewafundisha wote pale kikaoni hukumu za wakfu. Nilisema maneno mengi siku ile, na yote yalikuwa dhaifu. Tulikubaliana wapewe mwezi mmoja. Kwa magunia mwezi ni mwingi. Kwa migomba hautoshi kitu, mikungu miwili ilikuwa ndiyo kwanza imetoka.

Kwenda kuwaambia nilikwenda mwenyewe. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tu siku yenyewe. Siku hiyo, kabla ya katapila kufika, walikuwa wamekwisha kuhamisha magunia yote arobaini kwa mikokoteni, asubuhi moja, bila mche hata mmoja kukatika. Yalikwenda nyuma ya vyumba vyao, mengine juu ya baraza za watu. Alikuwa amesema kweli miaka yote: yalibebeka. Migomba ilibaki imesimama, na katapila ilipoilalia haikutoa hata sauti, maana mgomba ni maji matupu.

Jioni Mama Devota alikuja nyumbani kwangu. Aliweka barazani mkungu mchanga, ndizi zake nyembamba kama vidole vya mtoto. "Shikamoo Shehe," alisema. "Haya ni mavuno yako." Akaondoka bila kusubiri marahaba.

Mke wangu alizipika. Zilikuwa na utomvu, chungu, haziivi hata ukizichemsha namna gani. Alitaka kuzimwaga. Nilimwambia azipakue, nikazila zote, kwa siku mbili.

Mzee alikuja kuniaga mwezi uliofuata. Kilosa mto ulikuwa umefurika na kuchukua nyumba za watu, na familia nyingi zilikuwa zinalala shuleni na kwenye mahema. Mtu mmoja aliyekuja ile Idi alikuwa amemkumbuka, akamwita awafundishe magunia. Aliniambia hao nao ni wakimbizi, ila wenzake walikimbia watu na hawa wamekimbia mto. Mabunda yake mawili yalikuwa yamefungwa kwenye baiskeli. Nilijaribu kuomba msamaha. Nilianza na mambo ya kamati, paa, wakfu. Alinikatiza kwa upole.

"Mwalimu, nimekaa na nyinyi Waislamu miaka mingi. Mtu wenu akiniambia jambo na akasema inshallah, najua Mungu anaweza kupanga vingine, najiandaa. Siku ile hukusema inshallah. Nikajua hili ni la uhakika."

Akapanda baiskeli yake akaenda.

Kuna aya ninayowafundisha watoto kila mwaka, kwamba mtu asiseme nitafanya hili kesho ila aambatanishe na mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Wanaikariri wakiyumbisha vichwa. Nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na ilibidi nije kufasiriwa na Mkristo mwenye baiskeli. Tangu siku ile nikifika kwenye aya hiyo sauti yangu hushuka, na watoto wanadhani nimechoka. Ni kweli pia. Nimechoka. Uimamu nimewaachia wengine, magoti yanakataa sijida, naswali nimeketi kwenye kiti. Fremu zipo, zina wapangaji, paa halivuji. Mama Devota ana meza ya mboga mbele ya mojawapo, na siku hizi anasubiri marahaba. Mambo yamekwenda, namshukuru Mungu. Lakini maji ya udhu yanamwagika tena barabarani, na kila Ijumaa nayatazama yakipotea.

Mwaka huu nilikwenda Kilosa kwenye msiba wa ndugu yangu. Baada ya maziko nikauliza habari za Mzee wa Magunia. Kumbe anajulikana kuliko mkuu wa shule. Kila niliyemuuliza alinionyesha kwa kidole, na njia nzima nilipita magunia yamesimama kwenye milango, mbavu zimejaa mchicha. Wanawake waliopoteza nyumba zao mtoni ndio wanaouza mboga pale karibu na kituo kipya cha treni. Mmoja alinisindikiza. Aliniambia mzee haoni vizuri tena, lakini ukitoboa gunia vibaya anajua kwa kupapasa, na atakufokea.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mtu aliyempa chumba. Amekonda. Nilisema hodi, akageuza kichwa.

"Mwalimu," alisema kabla sijataja jina. "Magoti bado yanalia?"

Tulikaa. Tuliulizana habari za waliokufa, na walikuwa wengi. Niliona mabunda yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Bado mawili, bado yamefungwa. Nikajua kwamba sitathubutu kusema nililokuja kusema.

Karibu na kigoda chake palikuwa na ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, imepasuka ubavu mmoja. Ndani yake ulikuwa umesimama mparachichi, urefu wake umenipita. Nilishangaa, nikamwambia mti mkubwa hivyo kwenye ndoo utadumaa. Alisema kokwa lake aliletewa na Mama Devota alipokuja kumtembelea, naye akalisia kwenye ndoo kwa kuwa hakutaka kumvunja moyo.

"Nyanyua," alisema.

Nikainama, kwa taabu, nikaishika ndoo kwa mikono miwili. Haikusogea. Nikaitikisa. Haikutikisika. Nikapapasa chini, nikakuta kitako hakipo. Mizizi mikubwa kama vidole gumba ilikuwa imetoka na kuingia ardhini.

"Na mimi nilijaribu," alisema, "nilipotaka kuisogeza kivulini. Ilikuwa bado ningeweza kuikata kwa kisu." Aligusa ubavu wa ndoo. "Nilikuwa na kisu mkononi."

Nilirudi kuketi. Nikamuuliza utazaa lini. Nilisubiri aniambie hilo ni la baada ya mchicha. Alihesabu kwa vidole vyake vya makovu, akarudia, akasema miaka mitatu hivi, au minne, miti ya kokwa haina haraka.

"Utakuja kula?"

Sote wawili tunajua umri wetu. "Nitakuja," nilisema, "inshallah."

"Inshallah," alisema naye.

Adhana ya Alasiri ikasikika kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa ameisikia kabla yangu. Alikwisha kusimama na kuingia ndani, akatoka na jagi la maji. Niliinuka niende pembeni, kwenye mtaro, kama ilivyo adabu. Akanishika mkono kama alivyokuwa akiwashika madereva wa malori.

"Usiyamwage bure, Mwalimu. Simama hapa."

Akanisimamisha kwenye ndoo. Akanimiminia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akilibana jagi lisimwage zaidi ya haja, na mimi nikanawa viganja, nikasukutua, nikanawa uso na mikono hadi kwenye viwiko, nikapaka kichwa. Ilipofika miguu aliinama kabla sijamzuia. Nilitawadha taratibu kuliko nilivyotawadha miaka mingi, nikihakikisha kwamba kila tone linaangukia kwenye shina.